Siku 172: kuusoma msimu wa baridi wa besiboli

Mpira wa mwisho wa msimu ulikuwa wa kuburuza. Alejandro Kirk aliugonga, gongo likamvunjikia mikononi, mpira ukabingirika hadi kwa Mookie Betts wa Dodgers, naye akaikanyaga besi ya pili mwenyewe kisha akaurusha besi ya kwanza. Wawili nje kwa mpira mmoja. Vladimir Guerrero Jr. wetu alikuwa amesimama besi ya tatu, mita 27 kutoka besi ya nyumbani ya kufungia pointi, na hapo ndipo mwaka ulipomwachia. Dodgers wa Los Angeles 5, Blue Jays wetu wa Toronto 4, awamu ya 11, mchezo wa saba kati ya saba wa fainali ya Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani na Kanada. Hapa Toronto ilikuwa imeshapita saa sita usiku, tumeingia Jumapili ya tarehe 2 Novemba 2025, na ndio usiku uleule ambao saa hurudishwa nyuma kupisha majira ya baridi. Yaani juu ya kufungwa tukapewa saa moja ya ziada ya kuugulia.

Afrika Mashariki kulikuwa kumekucha. Dada yangu wa Tanga, ambaye besiboli haijui wala hana haja nayo, akatuma ujumbe: "Mmeshinda?" Nikamjibu kidogo tu. Akaandika: "Poleni. Mwakani basi." Kwake habari ikaishia hapo.

Kwa mpwa wangu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Ana miaka 12, kazaliwa hapahapa Scarborough, na usiku ule alivaa fulana namba 11 ya Bo Bichette, aliyekuwa amemvushia Shohei Ohtani wa Dodgers mpira nje ya ukuta katika awamu ya tatu na kutupa pointi tatu huku goti lake likiwa bovu. Nilidhani mtoto atalia. Badala yake aliitazama fulana, akanitazama mimi, akauliza: "Mjomba, Bo anaondoka?"

Nikamwambia tukalale, nitakueleza kesho. Hiyo kesho imechukua wiki tatu.

Shida ni kwamba sisi tuliokulia kwenye usajili wa Simba na Yanga tunakuja na mizani ya mpira wa miguu, na hapa haipimi. Kwenye soka klabu ikimtaka mchezaji mwenye mkataba inalipa ada, mchezaji anakubali maslahi yake, anapigwa picha na jezi, yamekwisha. Kwenye Ligi Kuu ya Besiboli klabu haziuziani watu kwa ada kwa namna hiyo. Zinabadilishana: mrushaji wangu kwa vijana wako wawili wa ligi za chini. Na mchezaji mwenyewe, ukiacha wachache wenye kifungu cha kukataa kwenye mkataba au wakongwe wa miaka mingi, haulizwi. Anapigiwa simu, anaambiwa kuanzia sasa yeye ni wa mji mwingine. Mtu mzima ana mke, ana watoto shuleni, anaambiwa kesho yuko Cleveland.

Kwa hiyo swali la mpwa wangu lina swali jingine chini yake: mchezaji ni wa nani, na mpaka lini? Na jibu lake, nimekuja kuliona baada ya miaka kadhaa ya kuchanganyikiwa na habari za Novemba, ni hesabu ya siku. Ukijua mchezaji fulani ana siku ngapi kwenye daftari, karibu kila kinachomtokea kati ya Novemba na Februari utakielewa. Usipojua, utaona watu wanarushwarushwa tu kama karata.

Daftari lenyewe linaitwa muda wa utumishi. Limekaa kiserikali, kama la mwalimu anayesubiri kupandishwa daraja. Kila siku mchezaji anayokuwa kwenye kikosi cha timu kubwa, hata kama amekaa benchi, hata kama yuko kwenye orodha ya majeruhi, inaandikwa. Msimu wa kawaida una siku 187 hivi. Akifikisha 172, amehesabiwa mwaka mzima. Siku za ligi za chini hazihesabiwi kabisa. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa bara la Afrika kufika ligi hii, alisaini na Pittsburgh mwaka 2008 akaja kuitwa timu kubwa tarehe 26 Aprili 2017. Ile miaka yote ya kupanda mabasi katika miji midogo ya Marekani iliingia daftarini kama sifuri. Mwaka uliofuata alipita hapa Toronto, kwa muda mfupi, na ninasikitika kwamba wakati huo sikuwa nimeanza kufuatilia.

Miaka sita ya daftari ndiyo mlango. Mchezaji aliyefikisha sita na hana mkataba unaoendelea, fainali ikiisha anakuwa huru, anakwenda anakotaka. Kabla ya hapo ni wa klabu iliyomshika.

Sasa mrudie Bichette. Aliitwa timu kubwa tarehe 29 Julai 2019. Mwaka ule akapata siku 63, hazitoshi kitu. Kisha 2020, 2021, 2022, 2023, 2024, 2025: miaka sita kamili, maana hata ule wa korona, wa michezo 60, ulihesabiwa mzima. Mpira wa Kirk ulipotua mikononi mwa Betts, daftari la Bichette lilikuwa limejaa. Kwa hiyo hakuingia sokoni kwa hasira wala kwa kuwachukia watu wa Toronto. Muda ulifika.

Guerrero aliletwa miezi mitatu kabla yake, tarehe 26 Aprili 2019. Wote wawili ni wana wa wachezaji, Guerrero wa yule Vladimir aliye kwenye jumba la heshima la mchezo na Bichette wa Dante, na walipanda pamoja toka ligi za chini kama mapacha. Hesabu siku za Guerrero za mwaka ule: 157. Amepungukiwa 15. Angekuwepo tangu mchezo wa kwanza wa msimu, mwaka 2019 ungehesabiwa mzima na angekuwa huru mwishoni mwa 2024. Klabu ilisema aliumia msuli wa ubavu wakati wa mazoezi ya Machi, na kweli aliumia. Lakini kila shabiki aliyekuwa anajua kuhesabu alijua vilevile kwamba hakuna aliyekuwa na haraka ya kumleta.

Mfano unaotajwa kila mahali ni wa Kris Bryant wa Chicago Cubs. Machi 2015 alikuwa anapiga mipira nje ya ukuta kuliko mtu yeyote katika mazoezi ya maandalizi. Msimu ukaanza, yeye akarudishwa ligi ya chini. Maelezo yakawa kwamba bado anahitaji kunoa ulinzi wake. Akaitwa tarehe 17 Aprili. Mwisho wa mwaka daftari lake likasoma siku 171. Moja pungufu. Kijana akawa chipukizi bora wa mwaka huo, mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa ligi nzima ya National (nusu moja ya Ligi Kuu), Cubs wakachukua ubingwa walioukosa kwa miaka 108, na bado ile siku moja ikawa inamdai mwaka mzima zaidi wa kubaki. Alilalamika rasmi. Mwanzoni mwa 2020 msuluhishi akaamua kwamba klabu haikuvunja kanuni. Ndiyo maana mkataba wa sasa kati ya wamiliki na chama cha wachezaji una dawa kidogo: chipukizi anayemaliza katika wawili wa kwanza kwenye kura za chipukizi bora anapewa mwaka mzima hata kama siku hazikutimia, na klabu inayomleta kijana wake mapema inaweza kuzawadiwa nafasi ya ziada ya kuteua vijana wapya. Dawa ya malaria kwa mgonjwa wa meno, lakini si haba.

Nilipofika hapa mpwa wangu aliuliza swali zuri kuliko yote: nani aliyetunga miaka sita? Kwa nini si mitatu, kwa nini si kumi?

Zamani ilikuwa milele. Kila mkataba ulikuwa na kifungu kinachoipa klabu haki ya kuurefusha kwa mwaka mmoja, na wamiliki walikisoma hivi: tukiurefusha mwaka mmoja, mkataba mpya nao una kifungu kilekile, basi tunaurefusha tena, na tena, mpaka mtu astaafu au afe. Mwaka 1969 Curt Flood wa St. Louis Cardinals aliambiwa amepelekwa Philadelphia. Alikuwa ameitumikia timu miaka 12. Akamwandikia kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kuulizwa, akaenda mahakamani. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1972 akashindwa, majaji watano kwa watatu. Hakuna mchezaji hata mmoja aliyekuwa bado uwanjani aliyefika kumtolea ushahidi. Flood alikuwa Mweusi, katika nchi ile, katika miaka ile, akisema maneno "kununuliwa na kuuzwa". Wengine waliona ametia chumvi. Mimi kila nikiisoma barua ile naona amepunguza.

Kilichoshindikana mahakamani kikapatikana kwa kusoma sentensi moja vizuri. Andy Messersmith wa Dodgers (ndio, haohao) na Dave McNally wa Montreal Expos walifika mwisho wa msimu wa 1975 bila kusaini. Wakasema: kifungu kinasema mwaka mmoja, mwaka umekwisha, sisi ni watu huru. Tarehe 23 Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz akakubali kwamba mwaka mmoja maana yake ni mwaka mmoja. Wamiliki wakamfukuza kazi. Desemba 2025 uamuzi huo ulitimiza miaka 50, na mshahara wa kila mchezaji unayemwona kwenye luninga umetoka kwenye sentensi ile.

Miaka sita ilikuja baada ya hapo, mezani, mwaka 1976. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulipindua. Mtu anadhani wamiliki walilazimisha sita na wachezaji wakakubali shingo upande. Lakini Marvin Miller, aliyekiongoza chama cha wachezaji, alikuwa mchumi, na alichokiogopa zaidi ni wachezaji wote kuwa huru kila mwaka. Sokoni embe likiwa la msimu, kila meza ina embe, bei yake unaijua. Akataka wawe wachache kila mwaka, wagombaniwe. Kuna mmiliki mmoja, Charlie Finley wa Oakland, aliyewaambia wenzake wawaachie wote huru kwa pamoja. Hawakumsikiliza.

Basi ngazi ikawa na daraja tatu. Ya kwanza ni takribani miaka mitatu ya mwanzo, ambapo klabu inalipa karibu inachotaka ilimradi isishuke chini ya kima cha chini: dola 760,000 mwaka 2025, dola 780,000 mwaka 2026. Usiwaonee huruma sana. Lakini pia usisahau kwamba wengi wao hawafiki mwaka wa nne.

Ya pili ni miaka mitatu inayofuata, na ndiyo niipendayo kuieleza kwa sababu imekaa kama mchezo wa baraza. Klabu na mchezaji wasipokubaliana mshahara, kila upande unaandika namba yake kwenye karatasi. Wanakwenda mbele ya wasuluhishi watatu. Wasuluhishi wanachagua namba moja kati ya mbili. Hawaruhusiwi kugawanya katikati. Ukizidisha sana unaonekana mroho na namba ya mwenzako inapita. Ukipunguza sana umejipunja mwenyewe. Februari 2024 Guerrero aliandika dola milioni 19.9, klabu ikaandika milioni 18.05, na wasuluhishi wakachagua ya Guerrero. Ubaya wake ni kwamba ili kushinda, klabu lazima ikae chumba kimoja na mchezaji wake ieleze kwa takwimu kwa nini yeye si mzuri kiasi hicho. Kisha wiki mbili baadaye wanakutana mazoezini, wanapeana mikono. Bichette yeye alilikwepa hilo: mwaka 2023 alisaini miaka mitatu kwa dola milioni 33.6, ambayo ilimfikisha pale hasa alipofika Novemba 2025.

Daraja la tatu ni uhuru.

Nao una saa yake. Fainali ikiisha, majina ya waliotimiza yanatangazwa, zaidi ya mia kila mwaka, lakini hawawezi kusaini na klabu nyingine hadi siku ya tano, saa kumi na moja jioni kwa saa za Toronto. Mwaka 2025 ilikuwa Alhamisi ya tarehe 6 Novemba. Katika zile siku tano ndipo watu hufanya uamuzi ambao magazeti huuandika kwa herufi ndogo na ambao mara nyingi ndio wenye hadithi. Shane Bieber, mrushaji wetu, kwa mfano. Mpira aliourusha katika awamu ya 11 ndio Will Smith aliouvusha ukuta na kutuua. Mkataba wake ulimpa hiari: abaki mwaka mmoja kwa dola milioni 16, au aondoke akatafute zaidi, na wengi waliamini angeondoka. Akabaki. Sijui moyoni mwake kulikuwa na nini, lakini sebuleni kwetu alisamehewa siku hiyohiyo.

Kwa walio wakubwa kama Bichette kuna kiunzi kimoja zaidi. Klabu inaweza kumpa mchezaji wake ofa ya mwaka mmoja, kwa kiwango kilekile kwa kila mtu: wastani wa mishahara 125 ya juu katika ligi, ambao Novemba 2025 ulikuwa dola 22,025,000. Akikubali, anabaki. Akikataa na kusaini kwingine, klabu inayomchukua inapoteza nafasi zake katika uteuzi wa vijana, na ile iliyompoteza inapewa nafasi ya fidia. Mchezaji hupewa ofa hii mara moja tu katika maisha yake ya kucheza. Wachezaji 13 walipewa Novemba hiyo. Wanne wakakubali. Bichette akakataa, na hakuna aliyeshangaa: mtu wa miaka 27 anayepiga vile hawezi kukubali mwaka mmoja wakati soko litampa mingi. Kwa hiyo jibu la "Bo anaondoka?" Novemba ile lilikuwa kwamba angeweza kurudi, lakini Toronto ilikuwa kwenye foleni pamoja na wengine, na haikuwa na haki ya kupita mbele.

Kuna vyumba vingine vya nyumba hii ambavyo nitavichungulia tu. Kila Novemba klabu huamua nani kati ya wale wa daraja la kwanza na la pili wasipewe mkataba kabisa. Hao wanatemwa wakiwa huru kabla ya wakati. Desemba wakuu wa klabu zote hukutana (mwaka 2025 ilikuwa Orlando) kwa siku chache za kunong'onezana kwenye kumbi za hoteli, na mwisho wa mkutano kuna uteuzi wa kanuni ya tano: kijana aliyekaa ligi za chini miaka kadhaa bila kuwekwa kwenye orodha ya watu 40 wa klabu yake anaweza kuchukuliwa na klabu nyingine kwa dola 100,000, kwa sharti akae timu kubwa msimu mzima au arudishwe. Ganda la mua la jana, chungu kaona kivuno. Toronto walimpata George Bell hivyo, mwaka 1980, toka Philadelphia. Mwaka 1987 akawa mchezaji bora wa ligi ya American, ile nusu nyingine ya Ligi Kuu. Ikifika siku hiyo mimi husoma majina yote, nisiyemjua hata mmoja, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mtoto wa jirani.

Fedha sasa, maana baada ya fainali kila mtu hapa alikuwa na neno moja mdomoni: Dodgers wamenunua ubingwa. Nakubali nusu. Ligi hii haina kikomo cha mishahara. Ina kodi ya anasa: jumla ya mishahara yako ikivuka kiwango, mwaka 2025 dola milioni 241, unalipa kwa kila dola iliyozidi, na mkosaji wa mara kwa mara anayevuka ngazi zote nne hulipa senti 110 kwa kila dola iliyo juu ya ngazi ya nne. Dodgers walilipa dola milioni 103 za kodi peke yake mwaka 2024. Mwenye nguvu mpishe.

Kisha kuna malipo ya baadaye. Ohtani alisaini dola milioni 700 kwa miaka 10, lakini anapokea milioni 2 tu kila mwaka; zile 680 atalipwa kati ya 2034 na 2043, bila riba. Kwa kuwa pesa ya miaka ile ina thamani ndogo kuliko ya leo, daftari la kodi linamhesabu kama wa milioni 46 hivi kwa mwaka badala ya 70. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Klabu yoyote ingeweza, ikiwa ina ujasiri wa kuahidi pesa za mwaka 2043.

Na Toronto ilitaka. Hapo ndipo nusu ya pili ya lawama inaponishinda kuimeza, kwa sababu nakumbuka tarehe 8 Desemba 2023. Ilienea habari kwamba Ohtani yuko ndani ya ndege binafsi kutoka kusini mwa California kuja Toronto. Maelfu yetu tulikuwa tunaifuatilia kwenye simu, kialama kidogo cha manjano kinachotambaa juu ya ramani ya Marekani. Kazini nilikuwa naificha simu chini ya kaunta. Ndege ikatua, mlango ukafunguliwa, akashuka Robert Herjavec, mfanyabiashara, na watoto wake. Kesho yake Ohtani akatangaza Dodgers. Yaani sisi hatukukataa kununua ubingwa. Tulimkosa tu, au sijui tuliitwa mezani ili dau lipande. Miezi 16 baadaye klabu hiyohiyo ikampa Guerrero dola milioni 500 kwa miaka 14, zote za kulipwa kwa wakati wake. Na George Springer, ambaye mpira wake wa awamu ya saba dhidi ya Seattle ndio uliotupeleka fainali, alinunuliwa Januari 2021 kwa dola milioni 150. Furaha ile ya Oktoba, mitaa imejaa watu mpaka saa nane usiku, ilitiwa saini msimu wa baridi, wakati uwanja umefungwa paa na nje kuna theluji.

Wamarekani wana jina la zamani la kipindi hiki, linalotokana na jiko la kuni: wanaume walikuwa wakikaa dukani kulizunguka, wakibishana nani atakwenda wapi. Baraza, kwa ufupi. Tofauti ni kwamba kahawa yao haina tangawizi.

Baraza la mwisho wa 2025 lilikuwa na kivuli. Mkataba mkuu kati ya wamiliki na wachezaji, ule uliobeba siku 172, miaka sita, kodi na kila nilichokieleza, ulipangwa kwisha tarehe 1 Desemba 2026. Safari iliyopita ulipokwisha, Desemba 2021, wamiliki waliwafungia wachezaji milango kwa siku 99; hata tovuti ya ligi ikaondoa picha zao na kuweka vivuli visivyo na sura. Hakuna mchezo uliopotea safari ile, ratiba ilisogezwa tu. Lakini Toronto ina sababu ya kuogopa kuliko wengine. Blue Jays walikuwa mabingwa 1992 na 1993. Mwaka 1994 wachezaji wakagoma tarehe 12 Agosti, na Septemba fainali ikafutwa. Ili nisidanganye, timu yetu mwaka ule ilikuwa inapoteza zaidi ya inavyoshinda. Waliodhulumiwa ni jirani zetu wa Montreal, waliokuwa wameshinda 74 na kupoteza 40, bora kuliko timu zote. Hawakuwahi kufika pale tena, na mwaka 2005 wakahamishiwa Washington. McNally aliyesaidia kuwafungua wachezaji minyororo alikuwa wa Montreal hiyohiyo.

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuja na karatasi. Amejifunza kuhesabu. Alikuwa amemwandika Trey Yesavage, kijana wa miaka 22 ambaye msimu ulipoanza alikuwa kwenye moja ya ligi za chini kule Dunedin, akapanda ngazi zote ndani ya miezi mitano, akaanza timu kubwa tarehe 15 Septemba, na katika mchezo wa tano wa fainali akawatoa wapigaji 12 wa Dodgers kwa kuwamalizia nafasi zao tatu za kupiga, rekodi ya chipukizi katika fainali. Siku za mtoano haziingii daftarini. Msimu wa kawaida uliisha tarehe 28 Septemba.

"Mjomba, ana siku 14 tu."

"Kumi na nne."

"Kwa hiyo hata akicheza kila siku, anakuwa huru mwisho wa 2031." Akakunja karatasi. "Mimi nitakuwa na miaka 18."

Nikaelewa anakoelekea. Fulana ya namba 11 imemkaa vibaya tangu Novemba 6. Alinitumia picha yake siku ile, saa kumi na moja na dakika moja jioni, ikiwa imening'inizwa mlangoni, bila neno. Sasa anataka ya namba 39.

"Wanaweza kumbadilisha," nikamwambia. "Hawatamuuliza. Chukua 27 ya Guerrero, yeye yupo mpaka 2039."

"Ishirini na saba anayo kila mtu darasani," akasema, akaanza kuhesabu upya.